Barua ya wazi kwa wakuu wa Lubumbashi: kituo cha polisi kitusomee ripoti yake ya mwaka

Kwa Mheshimiwa Meya wa mji wa Lubumbashi,
Kwa Kamishna wa Polisi ya Taifa katika mkoa wa Haut-Katanga,
Kwa waburgumestre wa komuni zetu saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi,
Kwa washauri wa komuni tuliowapigia kura,

Jambo yenu, wakubwa wetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Katika avenyu yetu ni mmoja wa wale ambao shefu wa avenyu huwagongea mlango usiku kukiwa na shida. Sikutumwa na chama wala na kanisa. Ninaomba jambo moja: kila mwanzo wa mwaka, mkuu wa kila kituo cha polisi, kuanzia komisaria ya komuni hadi sous-ciat, kituo kidogo cha kartie (mtaa), asimame mbele ya wakaaji wa eneo lake na kuwasomea, kwa Kiswahili, kazi iliyofanywa na kituo chake mwaka mzima. Aseme ni kesi ngapi ziliingia, ngapi zilifika parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ngapi zilikwama na kwa nini. Aseme askari wake walifanya nini na wakaaji, mbali na kukamata watu. Halafu wakaaji wamwulize maswali, naye ajibu.

Ninajua ripoti zipo. Hakuna mkuu wa kituo asiyemwandikia mkubwa wake. Karatasi hupanda kutoka sous-ciat hadi komisaria, kutoka komisaria hadi mjini, kisha mkoani, kisha Kinshasa. Ninachoomba ni karatasi hizo, zikishapanda, zishuke na huku chini. Sisi tunaolala katika kartie, tunaoibiwa, tunaoamka kupiga filimbi na sufuria saa nane za usiku umeme umekatika, ndio peke yetu tusiojua kituo chetu kilifanya nini.

Sheria iko upande wa ombi hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 182, inaipa Polisi ya Taifa kazi ya kulinda usalama wa umma, usalama wa watu na wa mali zao. Kifungu cha 183 kinasema polisi haina siasa, inalitumikia taifa la Kongo, na hakuna mtu wa kuigeuza kuwa chombo chake mwenyewe. Sheria namba 11/013 ya tarehe 11 Agosti 2011, ile inayopanga polisi yetu na kazi zake, inaieleza kama huduma ya umma, ya kiraia, iliyo wazi kwa watu na inayowasikiliza. Mwaka 2013 serikali ikatoa amri ya kuunda mabaraza ya eneo ya usalama wa karibu, ambamo viongozi wa utawala, polisi na wawakilishi wa wananchi hukaa pamoja kujadili usalama wa mahali wanapoishi. Kwa hiyo meza imeshawekwa. Katika kartie yetu hatujaitwa kukaa.

Nianze na mema, maana yapo na hakuna anayeyasema.

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, askari mmoja mwanamke alikuja shuleni kwetu. Shule iko kando ya lami, na mtoto wa darasa la tatu alikuwa amegongwa na pikipiki akivunjika mguu. Mama yule akaomba chaki. Akachora barabara nzima pale uwanjani, mistari ya kuvukia, na ile kona ambapo dereva wa basi haoni mtoto mfupi. Akawapanga wanafunzi wawili wawili, nusu wakawa manseba na pikipiki zao, nusu wakawa waenda kwa miguu. Aliyevuka bila kutazama alirudishwa mwanzo wa mstari, mara ya pili, mara ya tatu. Watoto walicheka sana. Hadi leo ninawaona asubuhi wakisimama ukingoni, kushoto, kulia, kushoto tena, ndipo wanavuka wakiwa wameshikana mikono.

Kazi ile haikuleta amande (faini) wala mshtakiwa. Sijui kama iliandikwa mahali popote. Katika ripoti ya mwaka ingekuwa na mstari wake, pamoja na asubuhi za salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ambapo tuliwaona askari wawili wakishika koleo na vijana wetu kuzibua mfereji uliokuwa unamwaga maji machafu ndani ya nyumba za watu. Mkubwa wa kituo ambaye askari wake wanafanya hivi anastahili kusikia wakaaji wakishukuru, tena hadharani. Na askari mwenyewe akijua kwamba chaki na koleo vinahesabiwa sawa na pingu, atarudi kesho.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Mwizi anakamatwa usiku. Filimbi zinalia, vijana wanatoka na fimbo. Wazee wanasema: msimpige, tumpeleke polisi. Anapelekwa akiwa hai. Baada ya siku tatu anaonekana sokoni ananunua sigara. Hakuna aliyetuambia kwa nini yuko nje. Basi maneno yanaanza kisimani na kwenye vibanda vya kuuza vocha: amelipa, wamegawana, anatumwa na wao wenyewe. Wiki chache zinapita, anakamatwa mwizi mwingine, au mtu anayedhaniwa kuwa mwizi. Yule mzee anafungua kinywa aseme apelekwe polisi, na vijana wanamzomea. Kisha mtu analeta tairi.

Nimeona tairi likiletwa. Sitaeleza yaliyofuata, kwa sababu wazazi wa kijana yule bado wanaishi karibu nasi.

Wakubwa wetu, mtu anaweza kutoka kituoni kwa njia za haki kabisa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kushikiliwa na polisi hakuwezi kupita saa 48. Muda huo ukiisha, mtu aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Katika kutafuta makosa, OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) anafanya kazi chini ya uongozi wa parke. Haamui peke yake nani akae ndani. Mwendesha mashtaka anaweza kumwacha mshtakiwa atoke kwa muda huku kesi ikiendelea. Tena mara nyingi aliyeibiwa mwenyewe haendi kutoa ushahidi, ama kwa woga, ama kwa sababu siku asiyouza sokoni watoto wake hawali bukari. Mambo haya yanaelezeka kwa dakika chache, kwa lugha ambayo kila mama wa sokoni anaielewa. Hakuna anayeyaeleza, na pengo hilo linajazwa na uvumi, na uvumi unaua watu.

Na kama kweli mtu amelipa akatoka? Basi hesabu ndiyo itakayosema. Mimi asubuhi nikiwa na watoto 50 darasani na jioni nikabaki na 43, mkurugenzi ataniuliza saba wako wapi, na siwezi kumjibu kwamba hiyo ni siri ya kazi. Kituo nacho kina kitabu. Kila mtu aliyeingia aliandikwa jina, saa na sababu, au alipaswa kuandikwa. Jumlisha walioingia, toa waliopelekwa parke, toa walioachiliwa kwa sababu iliyoandikwa, toa waliopatana na aliyewashtaki. Wakibaki watu wasioonekana popote, mkuu wa kituo atueleze, na mkuu wake wa juu amwulize kabla sisi hatujamwuliza. Askari wengi wanaofanya kazi kwa mikono safi wanabeba jina baya la wachache, na hesabu iliyo wazi ndiyo itakayowatenganisha.

Kuna safu moja ningependa isomwe kwa sauti na iwe na sifuri: watu waliokamatwa badala ya ndugu zao. Kijana anatafutwa, hapatikani, anachukuliwa mama yake au kaka yake mkubwa, akae pale hadi kijana ajilete. Kifungu cha 17 cha Katiba kiko wazi. Kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna wa kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Hata hivyo kila mtu katika kartie anaweza kukutajia familia iliyopitia hilo. Mkuu wa kituo akijua kwamba mwezi wa kwanza atasimama mbele ya akina mama hao hao asome safu hiyo, ninaamini ataifuatilia tangu mwezi wa pili.

Pesa nazo zinahitaji kuzungumzwa bila kuficha. Jirani yangu, mjane, aliibiwa cherehani, na cherehani ile ndiyo ilikuwa ikilipa shule ya watoto. Sitataja ni kituo gani alichoenda, maana lengo langu si kumchoma mtu. Alikaa kwenye benchi hadi saa sita. Alipoitwa, kijana mwenye kalamu akamwambia: "Mama, karatasi haziko. Enda ulete mbili, tutaandika." Akatoka akaleta karatasi. Kesho yake akaambiwa atoe kitu cha usafiri ili konvokasio, karatasi ya wito, imfikie mshukiwa. Mshukiwa alipotajwa kuwa kartie nyingine, ikaombwa pesa ya mafuta. Alipofika mahali pa kuombwa kitu kingine "kwa ajili ya wakubwa", akavunjika moyo akaacha kwenda. Hakupewa risiti hata moja. Cherehani haikupatikana, na kesi yake, kwa ninavyojua, imelala ndani ya kitabu kama kesi iliyo wazi.

Nilimtazama kijana yule mwenye kalamu, kwa sababu nilimsindikiza mama siku ya kwanza. Alikuwa na viatu vilivyofunguka mbele. Meza yake haikuwa na droo. Kitabu cha kesi kilikuwa daftari la shule, lile lile ninalowauzia wanafunzi wangu mwanzo wa mwaka, mistari imechorwa kwa mkono na rula. Nina hakika karatasi kweli hazikuwako. Ndiyo maana ninaandika kwenu ninyi mlio juu na sikumwandikia yeye.

Ripoti ya mwaka ingesema hayo yote mawili kwa pamoja. Ingesema kituo kilipokea nini kutoka serikalini: karatasi ngapi, mafuta lita ngapi, makoti ya mvua mangapi kwa askari wangapi. Na ingesema kituo kilipokea nini kutoka kwetu: amande ngapi zilizolipwa kwa hati halali, na zilikwenda wapi. Wakati huo huo ubao mmoja ubandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, ukitaja ni kitu gani kinalipiwa kisheria pale na kitu gani hakilipiwi. Leo tunalipa gizani. Tunalipa nyingi, na askari wetu bado wananyeshewa.

Kuhusu lugha. Kifungu cha 18 kinataka mtu anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na mashtaka yanayomkabili, kwa lugha anayoielewa. PV, maandishi rasmi ya maelezo ya mtu kituoni, huandikwa Kifaransa. Nimeombwa mara nyingi na wazazi wa wanafunzi wangu kuwasomea karatasi waliyokwisha kutia dole gumba, na mara nyingine kilichoandikwa hakikuwa walichokusudia kusema. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba yetu, na askari wetu wanakizungumza siku nzima wakiwa na sisi. Basi ripoti ya mwaka isomwe kwa Kiswahili, na iseme pia ni PV ngapi zilisomwa kwa sauti kwa mhusika, kwa lugha yake, kabla ya kutia sahihi.

Juu ya wanawake na watoto nitasema kifupi, kwa uzito. Tuna sheria za mwaka 2006 zinazoadhibu ubakaji na ukatili wa kijinsia. Tuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, inayosema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Polisi wana kitengo maalumu cha kulinda watoto na kuzuia ukatili huo. Tunaomba hesabu: ni mashtaka mangapi yalipokelewa, ni mangapi yaliyofika mbele ya hakimu, ni watoto wangapi wa barabarani waliorudishwa kwa jamaa zao, na ni watoto wangapi walilala ndani na watu wazima, jambo ambalo halitakiwi kutokea hata usiku mmoja. Majina kamwe yasitajwe, wala avenyu, wala chochote kitakachofanya watu wageuze shingo kumtafuta msichana fulani katika mkutano.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mdogo wangu anaishi Kanada, katika mji mdogo unaolindwa na polisi ya taifa ya huko, RCMP, polisi iliyoanza mwaka 1873. Ananieleza kwamba mkuu wa kituo chao huja mbele ya meya na baraza la mji na karatasi zake: wito uliopokelewa, nyumba zilizovunjwa, ajali, walevi waliokamatwa wakiendesha gari, shule zilizotembelewa, michezo ambayo askari walicheza na vijana, chakula walichokusanya kwa ajili ya maskini wakati wa Noeli. Baraza huuliza kwa nini wizi wa magari umeongezeka, na pamoja na polisi hupanga mambo ya kutilia mkazo mwaka unaofuata. Nikauliza: mkuu wa kituo hukubalije kuhojiwa na raia? Jibu liko kwenye mkataba. Mji wenye watu kati ya 5,000 na 15,000 hulipa asilimia 70 ya gharama za polisi wake wa RCMP, na ule unaozidi watu 15,000 hulipa asilimia 90. Mikataba ya sasa ilianza mwaka 2012 na inakwenda hadi 2032. Anayelipa huuliza.

Sisemi kwamba huko hakuna makosa. Mwaka 2018 kamishna wa RCMP aliziomba msamaha familia za wanawake na wasichana wa asili waliouawa au kupotea, kwa sababu polisi wake hawakuwashughulikia ilivyostahili. Ila hata msamaha ule ulitokana na watu waliodai hesabu kwa miaka mingi na hawakuchoka. Na sisi Lubumbashi tunalipa pia, kodi na amande, pamoja na hizo karatasi mbili za mjane. Haki ya kuuliza tumeshainunua.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa hapa nchini, Bukavu, Kananga na Matadi ndiyo miji iliyotangulia kujaribu polisi ya karibu, kwa msaada wa Uingereza, miaka ya mwanzo baada ya 2009. Askari walifundishwa kufanya kazi na raia, na wakaaji wa kartie wakawa na vikao vya kukutana na polisi na viongozi wao kusema kinachowatisha: njia isiyo na taa, baa inayofungwa alfajiri, kundi la vijana linalosumbua wasichana wanaochota maji. Yanayoipata Bukavu tangu ilipotekwa na waasi wa M23, Februari 2025, yanatuumiza sote, na ndugu zetu wa huko hatuwasahau. Lakini njia ile ilikuwa yetu, ilitembewa na Wakongo wenye sare kama ya askari wetu, na mji wa pili wa nchi hii hauna sababu ya kukaa nyuma.

Ninajua pia hofu ya makamanda wetu. Wengine watasema: tukisoma hesabu hadharani, majambazi watajua nguvu zetu. Hatuombi kujua doria zitapita wapi kesho wala bunduki ziko ngapi. Tunaomba yaliyokwisha kupita. Jambazi anayevunja nyumba anajua tayari kwamba doria haipiti. Aliyebaki bila kujua ni mwenye nyumba.

Wengine wanaogopa aibu, na hofu hiyo ninaiheshimu. Mkuu wa kituo ana askari wachache na kartie inayopanuka kila mwaka kuelekea porini, hasa upande wa Annexe ambako nyumba zinajengwa kabla ya njia. Hana gari. Askari wake wanatoka doria usiku wa mvua wakiwa na tochi ya simu. Watoto wa askari hao ninao darasani, ninajua wanakula nini na wasipokula. Akisimama mbele yetu na kusema, "Nilikuwa na askari hawa wachache, bila pikipiki, na kesi hizi zilinishinda," hatatupiwa mawe. Wakaaji wa mji huu wanajua shida ni nini. Watamwuliza washauri wa komuni wako wapi, na bajeti ya usalama inasema nini, na hapo mzigo utamfikia anayepaswa kuubeba. Kila mwisho wa mwaka askari hutuomba "bonne année", yaani pesa ya mwaka mpya, barabarani, mkono umenyooshwa kwenye dirisha la basi, mbele ya watoto. Inawadhalilisha wao na sisi. Mimi ningependa zaidi kuchangia tochi kumi kwa kituo, mchana kweupe, jina langu likiandikwa na jumla ikisomwa, kuliko kutoa faranga mia tano gizani kwa mtu nisiyejua atafanyia nini.

Kwa vitendo, ninapendekeza tuanze kidogo. Kila komuni ichague kituo kimoja tu mwaka huu. Ripoti iwe ya kurasa mbili, isomeke kwa nusu saa. Burgumestre aongoze kikao, na washauri wa komuni waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 wawepo wote, kwa sababu hii ndiyo kazi tuliyowapa. Shefu wa kartie aalike watu avenyu kwa avenyu, wanawake wa sokoni, vijana, manseba, wachungaji na maimamu, walimu. Saa iwe ya jioni au ya Jumapili, siyo asubuhi ya kazi ambapo watakaokuja ni wale wasio na cha kufanya. Bendera na vitambaa vya vyama vibaki nyumbani. Mtu mmoja aandike maswali yote na majibu yote, na mwaka utakaofuata kikao kianze kwa kusoma yaliyoahidiwa. Asiwepo askari wa kuandika majina ya wanaouliza. Neno hili la mwisho ninalisisitiza, wakubwa wetu, kwa sababu bila hilo watu watakuja, watapiga makofi, na watarudi nyumbani na maswali yao.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, nayo mamlaka hujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema hakuna wa kushtakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya ombi kama hilo. Ninalileta ombi hili chini ya kifungu hicho. Jibu lenu, liwe ndiyo, hapana au subirini, tunaomba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila komuni, mahali ambapo watu hupanga foleni ya hati, nasi tutalisoma na kulipeleka avenyu kwa avenyu. Kwa kituo kitakachokubali kuwa cha kwanza katika eneo letu, mkurugenzi wa shule yetu amekubali kutoa madarasa mawili makubwa Jumapili yoyote baada ya misa ya pili, bila malipo. Viti vipo, ubao upo, na chaki ipo kwa atakayetaka kuandika hesabu zake zionekane na waliokaa nyuma.

Kwa heshima,

Mwalimu wa shule ya msingi, mkaaji wa Lubumbashi